Redio ya Babu Kondo

Dubai,
12 Februari 2006

Shangazi Kuruthum,

Shikamoo. Naandika huku nakuona umekaa kwenye kiti chako cha masjala ya hospitali, miwani imeshuka puani, mlango umeufungua nusu ili watu wasikuzoee. Mimi ni mzima. Kikohozi kimeondoka baada ya kuhamia kitanda cha mbali na kiyoyozi. Chumbani kwetu Al Qusais tumebaki watano. Yule Matia wa Masaka, niliyekuandikia kwamba ni mlinzi wa jengo la ofisi yetu, bado yupo na bado anapika ndizi kila Ijumaa. Joha amejifungua? Barua yako ya mwisho ilisema mwezi wa kwanza.

Sasa nina habari, nami sijui niiandike kwa furaha au vipi. Bwana Rogers, mkuu wa mauzo, Jumamosi iliyopita hakuja kazini. Gilasi yake ya chai ilikuwa mezani, ina chai nusu. Hakuna aliyeuliza. Siku ya tatu mudir, yaani mkurugenzi wetu, akaniita. Nilidhani nimekosea mafaili. Akaniambia kwamba tangu leo mimi ndiye Mkuu wa Mauzo, Afrika Mashariki.

Nikasema, "Sir, mimi ni karani."

Akasema, "Unaandika vizuri, unajua Kiswahili, na unaniogopa. Rogers alikuwa na kimoja tu katika hivyo."

Wote mezani wakacheka, nami nikacheka. Akavuta droo, akanipa boksi la kadi zenye jina langu. Zilikuwa zimeshachapwa, Shangazi. Nikatia sahihi mkataba mpya siku ileile, miaka miwili. Nina watu wawili chini yangu, wote wana umri wa baba. Wananiita "arbab", yaani bosi, kwa sauti ambayo siipendi.

Wanasema nitapewa fleti mahali panapoitwa Jumeirah Village Circle. Ijumaa nilikwenda kupaona. Kuna mchanga, na ubao mkubwa wenye picha ya bustani.

Wasalimie wote nyumbani. Anwani ni ileile ya ofisi.

Mwanao,
Khelef


Kitandi, Kilwa
9 Machi 2006

Mwanangu Khelef,

Marahaba, na alhamdulillahi. Joha amejifungua mtoto wa kike, kilo tatu na robo, nimeiandika kadi yake mwenyewe. Ana nywele nyingi kama kofia. Paa la jikoni limeezekwa. Mbuzi mweusi amekula kanga yangu ya Idi, sasa tunamwita Bibi Harusi.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, wauguzi wakapiga vigelegele mpaka mganga mkuu akachungulia. Mkuu wa Mauzo! Mtoto niliyemfundisha kupanga kadi kwa alifabeti juu ya jamvi! Hao wazee wanaokuita arbab waite wao wajomba, watalainika.

Ila nikuambie jambo moja la mzaha. Wewe sasa ni mwuzaji, na ukoo wetu na wauzaji haujapatana. Unakumbuka redio ya babu yako Kondo? Ulikuwa mdogo. Alinunua kwa mchuuzi aliyepita na baiskeli, boksi zuri la mbao, kitambaa cha dhahabu mbele, vifundo viwili. Yule mchuuzi akasema, leo isiguswe, iache ipoe na safari. Kesho yake baba yangu akaifungua mgongo: tupu. Hakuna hata waya. Akaiweka uani, kuku akaingia kutaga. Tangu siku hiyo mtu akimwuliza, "Mzee, redio inasemaje?" anajibu, "Inasema mayai mawili." Mungu amrehemu, mwaka wa sita sasa. Kwa hiyo wewe uza, lakini uza vyenye waya ndani.

Jambo jingine. Katibu wetu Hesbon amerudi kutoka huko kwenu Dubai. Alialikwa na kampuni, akalala hoteli yenye bwawa la kuogelea. Anasema hospitali yetu itaingia kwenye kompyuta. Anataja Sahlan. Si ndiyo hiyo kampuni yako? Mbona hukuniambia?

Simu usipige. Mtandao unashika juu ya tangi la maji tu, na simu yenyewe ni ya Hesbon. Nikipanda pale nikazungumza, Kitandi nzima inajua umekula nini.

Shangazi yako,
Kuruthum


Dubai,
2 Aprili 2006

Shangazi,

Shikamoo. Hongera kwa mjukuu. Nimemwomba Mungu mtoto akue na heshima kuliko Bibi Harusi. Hapa joto limeanza. Matia anasimama mlangoni na sweta kwa sababu ya kiyoyozi cha ndani, akitoka nje anatoa moshi kama birika.

Barua yako ilinifikia ikiwa imefunguliwa. Usishangae. Huku hakuna posta ya kuleta barua nyumbani; zote huingia kwenye sanduku la kampuni, na sanduku analishika Bwana Aidarus, mzee anayeshughulikia viza zetu na nyaraka zote. Kwao asili ni Unguja. Alinipa akasema, "Imefunguliwa pamoja na za ofisi, ya walad. Sikuisoma. Kiswahili cha kuandika kinanichosha macho." Ni mtu mpole, sote anatuita "ya walad", ewe kijana. Pasipoti yangu pia iko kwake, kabatini, kwa ajili ya kubadilisha cheo kwenye viza. Anasema zoezi hilo huchukua muda.

Kazi inaendelea. Kila asubuhi nasimama mbele ya ubao mweupe. Kuna majina ya wateja, na mbele ya kila jina tarehe ya kukamilisha mauzo. Rogers aliacha majina sita. La kwanza ni Kitandi. Nilipoliona nilidhani ni Kitandi nyingine.

Programu ya hospitali ni ile ninayoijua tangu nilipokuwa karani. Mimi ndiye niliyeandika majina ya wagonjwa wa kuonyeshea wateja. Inaonekana vizuri sana kwenye skrini.

Nakuomba jambo moja. Mwambie Katibu asiwe na haraka. Hospitali ni kitu kikubwa. Kuna mambo ambayo watu wangeyazungumza vizuri zaidi wakikaa uso kwa uso.

Nisalimie Joha.

Khelef


Kitandi,
27 Aprili 2006

Khelef,

Marahaba. Mtoto ameitwa Belinda, jina la muuguzi aliyemzalisha. Shauri ya mama yake, mimi nimenyamaza. Mvua imenyesha siku nne, barabara ya Nangurukuru haipitiki.

Barua yako imeniudhi kidogo. Uso kwa uso, uso kwa uso, uso wangu uko Kilwa na wako uko Uarabuni. Una jambo? Sema. Wewe tangu mtoto ukiumwa jino unasema kichwa.

Hapa mambo yameshakwenda mbali. Kamati ilikaa Jumanne. Hesbon alisimama na ile diski yenu, akaonyesha kwenye kompyuta ya kuazima: unabonyeza jina, linatoka kundi la damu, dawa, kila kitu. Watu wakapiga makofi. Sahihi zinazotakiwa ni tatu: ya mganga mkuu, ya Katibu, na ya masjala. Mbili zimeshawekwa.

Hesbon anasema mashine ikifika kadi zichomwe nyuma ya jiko, kwa sababu zinaleta mchwa na chumba kinatakiwa kwa kompyuta. Kadi zangu, Khelef. Miaka ishirini na saba. Watoto wa selimundu wana kadi za njano, nawajua kwa sura. Kuna Bi Tatu wa Mtoni, wenye damu kama yake hawafiki watatu wilaya nzima. Akianza kuvuja, kadi ndiyo inayokimbia kabla ya daktari. Wameshafunga mafungu ya miaka ya sabini kwa kamba, yako barazani yanangoja kiberiti.

Nikawaambia kamati: mimi sijui kompyuta, lakini mkubwa wa kampuni hiyo nimemlea mwenyewe. Akiniandikia kwa mkono wake kwamba inafaa, natia sahihi. Hesbon akasema hilo ni jambo dogo, atampigia mudir wenu siku hiyohiyo.

Basi nangoja neno lako. Sitaki la kampuni.

Kuruthum


SAHLAN SYSTEMS
Dubai, 21 Mei 2006

Kwa: Bi Kuruthum Kondo, Msimamizi wa Masjala,
Hospitali ya Jumuiya, Kitandi.

Kuh: PROGRAMU YA KUMBUKUMBU ZA WAGONJWA

Ndugu,

Salamu nyingi kutoka Dubai. Ni matumaini yangu u mzima, na Joha na mtoto wazima. Nisalimie jirani zetu wote, mama wa mashine ya kusaga, na imamu. Nisalimie sana Babu Kondo, mwambie namkumbuka kila siku nikiwa kazini, na umwulize ile redio yake inasemaje siku hizi. Mwambie huku nimeiona nyingine kama ile, nzuri vilevile, kitambaa cha dhahabu vilevile, na kama angekuwa mahali pangu angenielewa. Nakusalimia na wewe.

Baada ya salamu, ninayo furaha kukufahamisha kwamba programu ya kampuni yetu ni ya kisasa, imara, na rahisi kutumia. Taarifa za mgonjwa hupatikana mara moja. Masjala yako itakuwa ya mfano katika ukanda mzima wa kusini.

Kama Mkuu wa Mauzo, Afrika Mashariki, ninapendekeza bila shaka yoyote kwamba utie sahihi mkataba ulioambatanishwa, nakala mbili, na kuurudisha kwa njia ya Katibu, Bwana Hesbon, kabla ya tarehe 15 Juni.

Wako katika ujenzi wa afya bora,

Khelef S. Kondo
Mkuu wa Mauzo, Afrika Mashariki


Kitandi,
10 Juni 2006

Kwa Bwana Mkubwa Khelef,

Nimeipata barua yako yenye muhuri. Imechapwa kwa mashine. Imeanza na "Ndugu". Mimi, niliyekutia limau kichwani ulipokuwa na homa, leo ni Ndugu! Shikamoo hukuona pa kuiweka. Umeniandikia kama afisa anayedai kodi ya baiskeli. Nimeisoma mbele ya kamati nzima, nikawauliza: huyu ndiye mtoto mliyenisikia namsifu? Aibu ilinishuka mpaka miguuni.

Kwa hiyo sahihi sitii. Na mudir wako umsomee sehemu hii, mtafsirie neno kwa neno: mtu aliyeajiriwa bila kufundishwa adabu ya kumwandikia mkubwa wake asitegemee mkubwa huyo amfanyie biashara. Makaratasi yenu nimeyarudisha matupu. Hesbon ameruka juu, ameshuka, amechoka. Mganga mkuu anasema ugomvi wa ukoo hauingii hospitalini, lakini bila sahihi ya tatu mkataba haupo, na kanuni ameiandika mwenyewe.

Siku hizi nakaa chumba cha kufulia shuka. Kuna kivuli kizuri. Funguo za masjala zimepotea, nazitafuta polepole. Mafungu ya barazani yamerudi ndani kabla hazijapotea.

Joha anakusalimu. Mama wa mashine ya kusaga anakusalimu. Babu yako amepokea salamu zako, amefurahi kukumbukwa. Anasema redio iko vilevile. Mayai mawili.

Kuruthum


Al Qusais,
4 Julai 2006

Shangazi wangu,

Shikamoo, shikamoo, na shikamoo ile iliyokosekana. Barua hii anakuletea Doris, binti wa Mtwara anayepokea wageni kwenye jengo letu. Anakwenda likizo na basi lake linapita Kilwa. Ameapa kuiweka mkononi mwako, si kwa wakala, wala si kwa Hesbon. Akikuuliza jina la mbuzi, mjibu. Ndivyo tulivyopatana atakavyokujua.

Nimeelewa chumba cha kufulia. Hukulalamika, nami najua maana yake ni kwamba kiti chako amekaa mtu mwingine. Nisamehe. Ningeweza kukuepusha.

Nikueleze yote sasa. Programu haipo, Shangazi. Wako wagonjwa kumi. Niliwaandika mwenyewe, kila mmoja na damu yake na dawa zake, na ukibonyeza majina hayo kumi yanafunguka. Wa kumi na moja hana pa kuingia. Nyuma ya skrini zile hakuna kitu. Waliokuwa wakiijenga waliondoka kabla sijafika. Mudir anasema uza kwanza, mkataba ndio utakaoleta wajenzi. Rogers alisema hivyo hivyo mwaka mzima, kisha akaondoka, na mikataba mitatu yenye sahihi yake wateja wameanza kuulizia. Sasa kwenye karatasi zote panaandikwa jina langu. Bwana Aidarus amenieleza kwa upole wake kwamba mtu anayedaiwa hasimamishwi ofisini, husimamishwa uwanja wa ndege.

Posta ya Al Qusais iko dakika kumi kwa miguu kutoka kitandani kwangu. Mwezi wa nne nilikwenda mara mbili na barua ya kukueleza haya. Mara zote mbili nilipanga foleni, nikafika dirishani, nikanunua stempu, nikarudi na barua mfukoni. Niliogopa utanijibu wazi kama ulivyo, na jibu lako lipite mikononi mwao. Hiyo ni nusu. Nusu nyingine ni kwamba niliogopa tu.

Hesbon alipompigia mudir, niliwekewa kiti mbele ya mashine, nikaambiwa, "Yalla, mwandikie shangazi yako." Aidarus akakaa pembeni aisome kabla haijatoka. Nikawaza: mtu wa ofisini akisoma barua huruka salamu, anatafuta "Baada ya salamu". Huko ndiko nilikoficha nilichokuwa nacho. Kianzio kile cha "Ndugu" kilitoka kwenye mfano wa barua za kampuni, nami nilikiacha kwa hofu. Sikujua kwamba utakigeuza kuwa fimbo, na fimbo hiyo itaniokoa mimi.

Aidarus hakuruka salamu. Aliiweka barua chini, akavua miwani.

"Babu yako yu hai?"

"Yu hai."

"Umri gani sasa?"

"Tisini na mbili."

"Mashaallah," akasema. "Mungu amzidishie." Akailamba bahasha, akaifunga.

Jibu lako lilipofika mudir alitaka litafsiriwe mbele ya wote. Nikalisoma neno kwa neno kama ulivyoagiza. Wale wazee wangu wawili walicheka mpaka wakashika meza. Mudir akasema, "Hujui kumwongoza shangazi yako, utaongoza mauzo?" Nikasema, "Hapana, sir." Nilikuwa nimeshaandaa barua ya kuacha kazi, iko mfukoni. Kabla sijaitoa, akasema mkataba ni miaka miwili, na kwamba nitajifunza. Akafuta Kitandi ubaoni kwa kiganja.

Jioni Aidarus aliniita kwenye chumba cha nyaraka. Kabati lilikuwa wazi, nikaziona pasipoti zetu zimefungwa kwa mipira, mafungu mafungu, kama kadi zako. Alikuwa ameshika barua yako ya kwanza, ile ya mwezi wa tatu. Kumbe alitoa nakala kabla ya kunipa.

"Mwaka wa sita," akasema. "Mungu amrehemu. Redio ile nimeicheka peke yangu humu ndani wiki nzima."

Nikamwuliza, "Kwa nini umeifunga bahasha?"

Akarudisha nakala kwenye faili lenye jina langu, akafunga kabati, akatia ufunguo mfukoni. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya kunitakia usiku mwema, "Mteja anayefuata yuko Masaka, Uganda. Hospitali. Jumatatu unaanza kumwandikia. Na huko, ya walad, huna babu."

Nimekaa na maneno hayo siku tisa. Sijui kama alinionya au alinicheka. Sijui kama nakala ile ameiweka kwa ajili yangu au dhidi yangu. Kila nikipita mlangoni pake ananiuliza hali ya nyumbani, nami namjibu nzuri. Siwezi kuondoka, Shangazi. Nimehesabu milango yote, kila mmoja una karatasi inayosubiri sahihi ya Aidarus. Asubuhi nasimama mbele ya ubao na kalamu. Mchana natia sahihi. Jumatatu nimemwandikia mteja wa Masaka kama nilivyoamriwa: ya kisasa, imara, rahisi kutumia.

Jana Matia alikuwa anamenya ndizi. Nilikaa karibu yake, nikamsimulia habari za Babu Kondo na redio, tangu mchuuzi wa baiskeli hadi mayai mawili. Alicheka mpaka kisu kikamwanguka. "Huyo mzee wenu, banange! Kuku ndani ya redio!"

Nikamwuliza, "Yule dada yako Eseza, muuguzi, anafanya kazi hospitali gani?"

Akaniambia. Ilikuwa ileile.

Nilitoa kadi yangu, ile yenye cheo, nikaiweka juu ya maganda ya ndizi. Nyuma yake nilikuwa nimeandika jina la mteja.

Matia aliisoma. Akaacha kucheka. Aliigeuza, akasoma jina langu, akaigeuza tena. Kisha akaifuta kwa shati, akaitia kwenye soksi, mahali anapoweka vitu vyake vya maana. Ijumaa ana ndege ya kwenda kwao. Ni likizo yake ya kwanza kwa miaka mitatu.

Mbusu Belinda. Mpe Joha pole na hongera. Funguo ziendelee kupotea.

Na ukipata nafasi upite kaburini kwa Babu. Safari hii salamu ni zake kweli. Mwambie redio yake inasafiri. Ijumaa inakwenda Masaka.

Mwanao,
Khelef